Mashine ya Baridi na Ngoma ya Mzee Mbiki

Kila anayepita barazani kwangu hapa Magomeni ya Kilosa ananiuliza safari ilikuwaje, na kwa nini niliporudi nilikaa mwezi mmoja tu nikaondoka tena, safari hii bila sanduku la vifaa. Nawajibu "nzuri tu," kisha najifanya natafuta spana. Nimechoka kutafuta spana. Nimeona niandike, anayetaka asome. Habari za barua, vibali na mihuri naziruka, zilikuwa nyingi na hazina utamu wowote.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi cha ngoma na maigizo kilichokuwa kikizungukia vijiji vya ujamaa kandokando ya mto Kilombero kilipewa boti kuukuu ya chuma, iliyozoea kubeba mpunga. Juu wakapigilia mbao, ikawa jukwaa. Chini kulikuwa na chumba kimoja chenye tundu dogo la dirisha, ndimo walimobadilishia nguo, na waimbaji wawili walishazimia humo kwa joto. Mama Chausiku, kiongozi wa kikundi, akapata habari kwamba huku kwetu Kilosa, katika ghala la shamba moja la mkonge lililotaifishwa, imelala eakondishna iliyong'olewa kwenye nyumba ya meneja wa zamani. Akapata habari pia kwamba Kilosa yuko fundi wa mitambo ya baridi.

Fundi huyo ni mimi, na nilichokijua mimi ni friji za mafuta ya taa. Eakondishna nilikuwa nimeiona mara moja, kwa nje, nimesimama chini ya dirisha la huyo meneja, na nilichojifunza siku ile ni kwamba inadondosha maji. Lakini nilipoulizwa kama naiweza nilisema, "Hiyo? Kazi ya asubuhi moja." Ndivyo nilivyo, mnanijua. Mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma nikihema.

Kilosa stesheni

Aliyetumwa kunichukua alikuwa Mzee Mbiki, mpiga ngoma mkuu wa kikundi. Kwao ni Malolo, wilaya yetu hii hii, mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, mkimya, wa kuvaa koti hata jua likiwa utosini. Alikuja na ngoma yake imefungwa gunia. Nilimwuliza kwa nini anaibeba safari yote hiyo wakati hapigi. Akasema, "Sasa nimwachie nani?" Aliichonga mwenyewe kwa gogo la mringaringa, kabla ya Uhuru, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuipiga.

Mashine niliitengenezea kasha la mbao. Mke wangu akalifunika shuka nyeupe, vumbi lisiingie. Karani wa stesheni alitaka liende behewa la mizigo, mimi nikakataa, nikasema chombo hiki hakitaki mtikisiko, tutakaa nacho daraja la tatu. Karani alilitazama kasha, akatutazama sisi, akashusha sauti. Akasema sawa, tupande tu, na akatufungulia mlango yeye mwenyewe. Nilidhani ameheshimu ufundi wangu.

Kilosa hadi Mikumi

Behewa lilikuwa limejaa, lakini tulipoingia watu walisogea. Wanaume wawili wakasimama watupishe. Aliyekuwa akicheka akanyamaza. Mama mmoja aliyekaa mkabala nasi akatazama lile kasha fupi chini ya shuka nyeupe, akajifunika mdomo kwa ukingo wa khanga.

"Poleni sana," akasema. "Alikuwa wa miaka mingapi?"

Hapo nikaelewa. Walidhani tumebeba maiti ya mtoto.

Jamani, ilikuwa kusema neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeshakaa, miguu nimeinyoosha, na mtu mwingine alikuwa ameshanipa mahindi ya kuchoma. Nikainamisha kichwa. Sikusema uongo, lakini kile kichwa kilisema. Yule mama akaanza kutusimulia wa kwake, aliyefariki msimu wa mvua, akiwa na miaka minne, na machozi yakamtoka. Nami natafuna mahindi ya watu.

Mzee Mbiki alikuwa akitazama dirishani, masikio yake hayakuwa yamenasa mwanzo wa maneno. Alipogeuka akaona mama analia, akauliza kuna nini. Alipoambiwa, alisimama, akavua kofia.

"Mama, tusamehe," akasema. "Humu hamna maiti. Humu mna chombo cha kutia baridi, tunakipeleka kwenye boti. Mwenzangu huyu hakukusikia vizuri."

Behewa zima likageuka kunitazama. Kuna waliocheka. Yule mama hakucheka, alifuta uso, akageukia upande wa pili. Wale wanaume waliotupisha wakarudi kukaa bila kuomba, na mimi nikasimama mpaka Mikumi, mkononi nina gunzi, sioni pa kulitupa. Mzee Mbiki naye alisimama nami, ingawa yeye hakuna aliyemwondoa.

Mikumi

Treni ilikuwa iendelee hadi Kidatu. Haikuendelea. Injini ilikuwa na hitilafu, tukaambiwa tusubiri, na kusubiri kwenyewe kukawa siku mbili. Tulikaa kwenye baraza karibu na stesheni, tukila ugali na mlenda kwa mama mmoja aliyekuwa akipika nyuma ya duka. Mlenda wake siutukani, ila siku ya pili nilianza kuuota.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Mbiki anavyoiandaa ngoma yake. Kila asubuhi alikusanya mafungu ya nyasi kavu, akayawasha, akaupitisha uso wa ngoma juu ya moto, polepole, akizungusha. Kisha aligonga kwa vidole viwili, akasikiliza, akarudisha motoni, akagonga tena. Nilimwuliza kama moto hauharibu ngozi.

"Ngozi haitaki umande," alinijibu. "Ikilala penye ubaridi inalegea, na ikilegea hata upige vipi itakunyima sauti. Mpaka uipashe."

Kumbukeni maneno hayo. Niliambiwa nikiwa na masikio yangu mawili, mchana kweupe.

Siku ile ile akapita dereva wa malori ya Zambia, kijana mchangamfu wa Tanga, aliyewahi kufanya kazi kwenye vyumba vya barafu bandarini. Aliomba kuiona mashine. Akasoma kibati cha nyuma, akaniuliza jenereta ya huko kwenye boti ina nguvu kiasi gani. Nikamtajia.

"Fundi, hiyo haitoshi," akasema. "Mashine hii ikianza kuamka inavuta mara tatu ya hapo. Ikishaamka inatulia, lakini kuamka kwake lazima kila kitu kingine uzime. Taa, vipaza sauti, vyote."

Nilimshukuru? Sikumshukuru. Nilimwambia kila mtu ashike usukani wake. Alicheka, akampa Mzee Mbiki chungwa, akaenda zake. Nilijua anasema kweli, ndiyo maana nilikasirika.

Kidatu hadi mtoni

Sehemu hii sina mengi. Treni ilitufikisha Kidatu, tukadandia lori la magunia hadi kivukoni. Njia ilikuwa mbaya. Nililala juu ya kasha nikilikumbatia, Mzee Mbiki akaikumbatia ngoma yake, na kwenye mashimo tulirushwa pamoja tukaanguka pamoja. Tulicheka sana siku hiyo. Ni sehemu pekee ya safari ninayoikumbuka bila kutafuta spana.

Kwenye boti

Boti ilikuwa ndogo kuliko nilivyoifikiria. Mama Chausiku alitupokea kwa wali na samaki. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. "Fundi wetu," alikuwa akiniita, na kila aliponiita hivyo nilirefuka kidogo.

Alinieleza lililo mbele. Siku nne baadaye angekuja mgeni rasmi kutoka mkoani kukitazama kikundi. Akiridhika, Mzee Mbiki angechaguliwa kufundisha ngoma kwa vikundi vya vijiji vyote vya mtoni, afundishe vijana kuchonga, kuwamba na kupiga. Mzee mwenyewe alijifanya halimshughulishi. Lakini niliwaona waimbaji wakimtania "Mwalimu," naye akitazama chini na kutabasamu.

Nilipanua lile tundu kwa patasi na nyundo siku nzima, nikaipachika mashine, kichwa ndani, mgongo nje. Nikawasha jenereta, nikawasha mashine. Jenereta ilikoroma, ikatoa moshi, ikazima. Nikajaribu tena, ikazima tena. Watu wote wa kikundi wamesimama wananitazama. Nikasema ni petroli chafu. Nikachomoa taa, nikachomoa kipaza sauti, nikawasha ya tatu, ikakubali. Yule kijana wa lori alikuwa amesema kila kitu, na mimi nikawaeleza wenzangu maneno yake kana kwamba nimezaliwa nayo. Mpango nikauweka hivi: mashine itafanya kazi mpaka wageni wafike, kisha tutaizima ili umeme uende kwenye kipaza sauti.

Chumba kikapoa. Waimbaji waliingia wakapiga vigelegele. Ila mgongo wa mashine ulikuwa unapuliza joto nje, upande wa gati ambako akina mama wa kijiji walikuwa wakichambua mchele. Mmoja wao akaniita. "We fundi, baridi mnakula nyie, joto mnatuletea sisi. Huu ndio ujamaa?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini mashine sikuihamisha, kwa sababu sikujua namna ya kuihamisha.

Siku ya maonyesho

Sasa nafika pale ninapotafutia spana.

Asubuhi ya siku yenyewe jua lilikuwa kali, na ngoma zote zilikuwa zimepangwa juu ya jukwaa. Mimi, kwa kutaka kila kitu kipitie kwenye mashine yangu, nilimwambia Mzee Mbiki, "Ngoma yako itapasuka kwa jua hili. Ilete chini kwenye baridi ikae salama." Alisita. Akauliza kama ubaridi hautailegeza. Nikamwambia huu si ubaridi wa umande, huu ni wa kitaalamu, ni mkavu. Alinitazama, akasema, "Wewe ndiye mjuzi wa haya." Akaileta mwenyewe, akailaza kwenye kona kama anayemlaza mtoto.

Ilikaa humo muda wa saa tano.

Mgeni rasmi alifika, mtu mpole, mwenye suti ya Tanzania iliyomkaa vizuri. Alikaribishwa chumbani apumzike kidogo, akafurahi, akanishika mkono, akasema taifa linahitaji mafundi kama mimi. Kisha kila mtu akapanda juu. Nikazima mashine, nikaunganisha kipaza sauti, na mimi ndiye niliyeibeba ile ngoma kuipandisha. Nilipoitoa nje kwenye joto la mto, ngozi ilitoa jasho. Niliiona, matone kwa matone, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Niliigusa, ikabonyea.

Nilijua. Nataka mlielewe hilo. Nilitazama huku na huku, nikaifuta kwa mkono wa shati, nikamkabidhi Mzee.

Akagonga kwa vidole viwili. Akasikiliza. Akasema taratibu, "Fundi, nipe nyasi kidogo, niipashe."

"Hapana moto hapa, mzee," nikasema. "Petroli hii. Utatulipua sote."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini ufukweni palikuwa hatua ishirini, na kungoja kwenyewe kungekuwa muda wa wimbo mmoja. Ningeweza kumwambia Mama Chausiku waanze na ngonjera. Lakini ningelazimika kusema kwa nini. Nikamwambia, "Piga tu, itakaa sawa."

Akapiga. Na kipaza sauti changu, nilichokifunga vizuri kuliko kitu chochote katika safari ile, kikaichukua sauti ile kikaipeleka hadi ng'ambo. Pu. Pu. Pu. Kama mtu anayekung'uta godoro. Watoto ufukweni wakaanza kuiga. Kisha wakubwa. Wachezaji wakapoteza hatua. Mzee Mbiki aliongeza nguvu, mishipa ya shingo ikamsimama, na ngoma ikazidi kumnyima. Mama Chausiku akaongeza sauti yake amfunike, lakini haikufunikika.

Maonyesho yalipokwisha, mgeni rasmi hakukasirika, na hilo ndilo baya. Aliuliza kwa upole kama ngoma ina kasoro yoyote. Mama Chausiku akanigeukia mimi, kwa sababu ndiye niliyeishika mwisho. Mzee Mbiki naye akanitazama. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

Nikasema, "Ngoma ilihifadhiwa vizuri kabisa. Labda mkono wa mzee umechoka."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema mzee amelitumikia taifa na sasa apumzike, kazi ya kufundisha atatafutiwa mwenye umri mdogo. Watu wakapiga makofi. Mzee Mbiki akasema, "Asante, ndugu." Akakaa chini, akawa anazitazama kucha zake.

Kurudi Mikumi

Tulirudi pamoja, yeye akiwa ameshaaga kikundi arudi kwao Malolo. Nilikuwa na lori zima, stesheni ya Kidatu nzima na treni nzima za kumwambia. Kila tulipokaribia kituo nilijisemea nitamwambia hapo. Nilizungumza kuhusu bei ya sukari. Nilizungumza kuhusu tembo. Nimezungumza maneno mengi maishani lakini siku ile nilivunja rekodi yangu.

Mikumi tulilala baraza ile ile, tukala mlenda ule ule. Asubuhi Mzee Mbiki hakukusanya nyasi. Ngoma ilikuwa imeegemezwa ukutani ndani ya gunia.

"Leo huipashi?" nikauliza.

"Ya nini?" akasema. Akanionyesha viganja vyake. "Unajua, mwanangu, mtu hajijui anavyozeeka. Mimi nilidhani bado nina mikono. Nashukuru ulinisema mbele ya watu, la sivyo ningeendelea kujiaibisha."

Alinishukuru! Mimi nikasema, "Ah, mzee, usiseme hivyo." Ndiyo yote niliyosema. Lori la njia ya Iringa lilikuja, likasimama. Nilimsaidia kupandisha ngoma. Mdomo wangu huu, unaotangulia siku zote, siku hiyo ulibaki nyuma.

"Shikamoo, baba," nikasema alipokwisha kukaa.

"Marahaba. Wasalimie nyumbani," akajibu, na lori likaondoka.

Malolo

Nyumbani nilikaa mwezi mmoja. Mlinipongeza, mkaniita fundi wa eakondishna, wawili mkaniletea friji zenu. Nilikuwa sili vizuri. Mke wangu akadhani ni malaria, akanichemshia dawa, nami nikanywa uchungu wote ule badala ya kumwambia. Siku moja nikachukua kofia nikaenda stesheni.

Nilishuka Mikumi, nikapata lori la njia ya Iringa, kutoka barabarani nikatembea na kuuliza njia. Nilimkuta Mzee Mbiki akipalilia mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akafurahi kabisa, akaniletea kigoda mwenyewe, akamwambia mkewe aongeze unga chunguni. Nikamwambia sitakaa mpaka nimeongea. Nikasimama pale pale shambani, nikamweleza yote. Maji kwenye ngozi, mkono wa shati, petroli, na nilivyojua. Nikasema, "Mikono yako haina kosa lolote. Mimi ndiye niliyeiua sauti ya ngoma, kisha nikakusingizia." Nikasema nitakwenda kwa Mama Chausiku mwenyewe, nitamwambia mbele ya kikundi, nitafika hadi kwa mgeni rasmi. Twende sote, achukue ngoma yake, aipashe mbele yao, wasikie.

Alikung'uta udongo kwenye jembe, akaliegemeza, akaniashiria nimfuate. Nyuma ya nyumba, juu ya tawi la mti, ilikuwa inaning'inia ngoma yake. Ngozi ilikuwa imetolewa. Ncha zote mbili zilikuwa zimezibwa kwa vipande vya mbao, na kwenye tundu dogo lililoachwa nyuki walikuwa wakiingia na kutoka.

"Niliifanya mzinga wiki ile ile niliyofika," akasema. "Gogo zuri, niliona haya kulifanya kuni. Nyuki wameingia juzi."

Tulisimama tukiwatazama. Mkewe akatuita chakula kiko tayari. Mzee Mbiki akanishika bega, bila hasira, na hilo bega mpaka leo nalisikia.

"Ungeniambia pale Mikumi, mwanangu," akasema. "Pale ilikuwa bado ngoma."